Wajina wa Mwalimu Zeferina

Katika darasa zima aliyemtoa jasho Mwalimu Zeferina Kayombo alikuwa mtu mmoja tu, Belarmino Kapenda. Laiti angemwacha afeli kama alivyostahili kufeli, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini hakumwacha, na ndiyo maana mpaka sasa nikimwona yule bwana anapita na mkoba wake wa ngozi, chakula kinanikwama kooni.

Darasa lilikuwa ghala la zamani nyuma ya stesheni ya Luena. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengine wana wajukuu, wafanyakazi wa reli waliobanana kwenye madawati ya watoto hadi magoti yanagusa kidevu. Kampuni mpya ya mizigo ilikuwa imeingia na madereva wake kutoka nje, watu wasiojua Kireno hata cha kuombea maji. Ikatoa amri: kila anayegusa behewa ajue kusema kwa Kiingereza kitu kiko wapi. Kiko juu ya nini, ndani ya nini, nyuma ya nini. Atakayeshindwa mtihani aende nyumbani akalime muhogo.

Sasa, Kireno kina kijineno kimoja, "em", na hicho ndicho punda wa nyumba nzima. Sukari kwenye kikombe, kikombe kwenye meza, mtu kwenye mlango, yote hayo anabeba yeye. Sisi wenye "kwenye" yetu tunyamaze, hatuna la kuwacheka. Mwingereza hataki mchezo huo. Kwake sukari iwe in, kikombe kiwe on, mtu awe at, na ukikosea anakutazama kama umemtukania mama yake.

Zeferina aliyajua haya yote kama anavyojua njia ya kisimani. Vita vilimvusha mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Zambia katika kambi ya wakimbizi ya Meheba, akasoma Kiingereza, akakifundisha. Bunduki ziliponyamaza akarudi kwao na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki. Kwao wakamwita Mzambia. Kireno chake kilikuwa cha kuokoteza, na hapa mtu asiyejua Kireno vizuri hata akiwa na akili za kumwaga anaonekana kama ametoka porini. Shule zote zikamkataa. Akauza uyoga mkavu na dagaa sokoni miaka na miaka, mpaka kampuni ilipomtafuta mwenye Kiingereza na mji mzima ukanyoosha kidole kwake. Ghafla Mzambia akawa na faida.

Lakini alikuwa kibarua tu. Injinia Quintas, mkuu wa mafunzo, mtu wa Luanda mwenye marashi yanayotangulia kuingia kabla yake, alimwambia waziwazi: "Mwalimu, darasa lako likifaulu lote, nafasi ya mwalimu wa kudumu ni yako. Lote, lakini."

Zeferina aliitaka nafasi ile mpaka ikamkosesha usingizi. Mshahara alikuwa na haja nao, nani hana? Ila hasa alitaka siku moja aingie mahali katika mji huu akiwa mtu wa mji huu, jina lake limekubaliwa, asiitwe tena Mzambia na kila mpuuzi. Alimweleza hivyo dada yake, Madalena, aliyekuwa akikaa naye, na Madalena akasema, "Haya, basi wafundishe hao wazee wako wafaulu, tuone."

Wote walikuwa wanaelekea kufaulu, isipokuwa Kapenda.

Kapenda kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa uwanjani. Alisimama kati ya reli akimpungia dereva mikono: njoo, njoo, taratibu, simama. Mtu mrefu, mcheshi, ana sauti ya kuuzia ng'ombe. Amemaliza darasa la kumi na mbili hapa hapa Luena na halisahau, wala hakuachi wewe ulisahau. Lakini Kiingereza kilimgomea. Zeferina akiweka kopo juu ya boksi na kumuuliza liko wapi, Kapenda alifumba macho, akahema, akasema: "In." Likiwa ndani, "On." Likiwa chini ya meza, "At," kwa kujiamini kabisa. Wenzake waligongana mabega kwa kicheko.

"Mwalimu, hii lugha ina ubaguzi," Kapenda alilalamika. "Kopo liko pale. Kila mtu analiona. Kuna haja gani ya kuuliza?"

"Dereva halioni, Bwana Kapenda. Wewe ndiye macho yake."

"Basi nimpungie mkono."

Darasa likacheka, lakini Zeferina hakucheka. Neno lile lilimwingia. Huyu mtu, akawaza, maisha yake yote ameongea kwa mikono. Kesho yake akaja na ishara alizozitunga mwenyewe. Kiganja juu ya ngumi ni on. Kidole ndani ya ngumi ni in. Ncha ya kidole ikigusa ukingo wa meza ni at. Ngumi nyuma ya kiganja, ngumi chini ya kiganja, kidole kati ya vidole viwili, kila moja na neno lake. Na kweli, akimwonyesha mkono, Kapenda alitoa neno papo hapo bila hata kupepesa. Akiondoa mkono, jamaa alirudi gizani.

Ni Kapenda huyu huyu, nisisahau kuwaambia, aliyekuwa kijana wa ofisi ya mtaa siku lori la wakimbizi liliposhusha watu uwanjani. Alikuwa akiandika majina. Zeferina alipofika mbele yake na Kireno chake cha kuungaunga, Kapenda alimtaka atamke neno la Kireno la mkate, akamrudisha alitamke tena, na tena, huku wenzake wakishika mbavu. Zeferina alikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni siku ile, wa mwisho kati ya wawili, na wote wawili hawapo tena. Aliikumbuka sura ile kila aliposikia mtu akiagiza mkate. Kapenda hakukumbuka kitu. Kwake ilikuwa Jumanne kama Jumanne nyingine.

Mtihani ulipokaribia, Kapenda alimsubiri nje ya ghala, kofia mkononi.

"Mwalimu wangu, nimesikia utaratibu. Mtahini anakaa hapa, mwanafunzi anasimama pale, na mwalimu anakaa nyuma ya mtahini."

"Ndivyo."

"Mtahini hana macho kisogoni."

Zeferina akamwelewa kabla hajamaliza. "Thubutu," akasema. "Bwana Kapenda, thubutu! Mimi sijaja mjini kwenu kuiba mtihani."

"Nani kasema kuiba? Mikono ni yako. Mtu akikuna ngumi yake nani atamuuliza?"

"Kasome."

"Nina watoto, Mwalimu. Mke wangu tumbo liko mdomoni."

"Kasome, nimesema!"

Akaondoka zake akiwa amekasirika, na hasira ile ilimpa raha. Angekuwa nayo mpaka siku ya mtihani tungekuwa salama. Ila aliogopa pia. Kapenda akianguka, darasa halijafaulu lote, na Injinia Quintas si mtu wa kusahau neno "lote".

Wiki ile ile Ilda, mke wa Kapenda, akajifungua mtoto wa kike.

Huku mtoto hakai na jina mpaka kitovu kimeanguka. Kikianguka wanamtoa nje, watu wamekusanyika, na baba anamtangazia kila mtu jina. Na jina haliokotwi. Ni la mtu, na mtu huyo anakuwa wajina wa mtoto, na hilo si jambo la mchezo. Mtoto anakuwa wewe. Baba yake mwenyewe atakuita mama, atamwamkia mtoto kwa heshima yako. Wewe utamletea nguo ya kumbebea na kuku wa kwanza, na mlango wako hautafungwa mbele yake mpaka ufe. Ukishakufa, watu wakimwita yeye wanakuita wewe. Asiyepata wajina akifa amekwenda na jina lake, basi, hata wa kulitaja kwa bahati mbaya hayupo.

Zeferina hakuwa amepata wajina popote, si kambini wala hapa. Nani angempa mwanawe jina la Mzambia?

Walimwita kwenye shughuli ile kama wanavyoita mwalimu yeyote, naye akaenda na Madalena, wakakaa pembeni karibu na sufuria za funji, ule ugali wetu wa muhogo. Kapenda akatoka na mtoto mikononi, amevaa shati la kanisani. Akamwinua kidogo watu wamwone.

"Huyu," akasema kwa ile sauti yake ya ng'ombe, "ni Zeferina!"

Watu wakapiga vigelegele. Zeferina alidhani amesikia vibaya. Akageuka kutafuta Zeferina mwingine. Ilda akamjia na kile kifurushi chekundu kinachokunja uso, akamwekea mapajani, akapiga goti. "Mama," akasema, "jitazame."

Jamani. Mwanamke aliyezika watoto wawili, unamwambia jitazame! Zeferina alilia mbele za watu mpaka kamasi, wala hakujali. Alizinusa zile nywele, akakishika kile kidole. Kapenda akasimama pembeni na kofia mkononi, mpole kama shemasi.

Njiani kurudi, walipofika kwenye reli, Madalena akamshika mkono.

"Dada, unavishwa kilemba cha ukoka."

"Wewe roho yako mbaya."

"Roho yangu mbaya, sawa. Ana mama yake mzazi, ana mama mkwe, ana shangazi aliyemlea. Kwao wote hakuona jina, akaliona lako? Wiki ya mtihani?"

"Labda ameniheshimu tu, Madalena. Haiwezekani mtu kuniheshimu?"

Madalena akatangulia kuvuka reli. Siku iliyofuata Zeferina alikwenda sokoni akanunua kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyokuwepo, akakipeleka na kuku. Kila jioni baada ya hapo alipita kwa Kapenda. "Mwalimu amelala," Kapenda alinong'ona akimwonyesha mtoto, na nyumba nzima ilicheka kwa upendo. "Mama, Mwalimu leo kanikojolea!" Hakuomba kitu. Hakutaja mtihani hata mara moja, mwerevu yule.

Siku ya mtihani mtahini alitoka Namibia, bwana mwenye mvi na miwani iliyoning'inia kwa kamba. Aliweka mezani boksi, kopo, taa ya mkononi, glavu moja ya kazi na picha ya lango la stesheni. Akavisogeza, akauliza kila kitu kiko wapi. Zeferina alikaa nyuma yake, mikono mapajani. Alikuwa ameapa moyoni kwamba mikono ile haitaondoka pale. Mmoja baada ya mwingine wazee wake wakaingia wakajibu. Wengine walikwama kidogo, wakajikwamua wenyewe, na kila aliyetoka Zeferina alihisi kama yeye ndiye amepita.

Kapenda akaingia wa mwisho.

Mtahini aliweka glavu juu ya boksi. Where is the glove? Kapenda akamtazama mtahini, akatazama glavu, jasho likaanza kumtiririka kwenye masikio. Midomo ikacheza. Kisha akainua macho taratibu, yakapita juu ya kichwa chenye mvi na kutua kwenye mikono ya Zeferina.

Hakuwa na macho ya ujanja, hilo Zeferina alilisema baadaye na mimi namwamini. Yalikuwa macho ya mtu anayezama. Naye akaona nyumba ile, Ilda, kile kitoto chenye jina lake kikilala na njaa kwa sababu wajina wake alikuwa na mikono na hakuitumia. Akaona pia nafasi yake ya kudumu inayeyuka. Msimwonee huruma ya bure, na hilo aliliona. Mkono wa kulia ukaondoka pajani. Kiganja kikakaa juu ya ngumi.

"On!" Kapenda akapayuka. "The glove is on the box!"

Baada ya hapo ilikuwa kama uwanjani, yeye na dereva wake. Kidole ndani ya ngumi, in. Ngumi nyuma ya kiganja, behind. Ncha ya kidole kwenye ukingo wa kiti, at the gate, sir. Hakukosa hata moja. Mtahini akavua miwani, akampa mkono, akasema kati ya wote wa siku ile huyu ndiye bora. Zeferina akatazama sakafu.

Darasa likafaulu lote. Waliimba kutoka ghalani mpaka kwenye baa ya stesheni, wakambeba Zeferina juu juu kama bibi harusi, na yeye akasahau mikono yake, au alijilazimisha kusahau. Alimshonea mtoto gauni jeupe la ubatizo kwa mkono wake. Alianza hata kuwaamkia watu barabarani kwa Kireno chake kilekile bila kuona haya.

Injinia Quintas akamwita ofisini. Zeferina akavaa viatu vyake vya Jumapili.

"Mwalimu, kazi nzuri. Kazi nzuri sana. Kaa." Quintas alipanga kalamu zake. "Sasa, kuhusu ile nafasi. Kuna tatizo dogo la vyeti."

"Vyeti gani, Injinia? Mlikwisha kuviona."

"Tuliviona kwa ajili ya kibarua. Kwa kudumu inatakiwa elimu ya hapa. Cha kwako ni cha kambini."

"Ni cha serikali ya Zambia!"

"Ndiyo, ndiyo. Lakini nimeelezwa kwamba shule yenyewe ilikuwa chini ya hema."

"Umeelezwa na nani?"

"Na mtu anayekufahamu vizuri na anakutakia mema. Bwana Kapenda. Amekusifu sana. Ni kwamba tu alinionyesha, kwa haki kabisa, kwamba huwezi kusimama mbele ya wageni kutoka Luanda na Kireno hiki. Yeye ana darasa la kumi na mbili la hapa, na Kiingereza amekuwa wa kwanza. Nafasi tumempa yeye." Akatabasamu. "Lakini hatukutupi. Utakuwa msaidizi wake. Kibarua, kama zamani. Mambo yakimtatiza, upo."

Mtu mwenye busara angeaga akatoka. Zeferina damu ilimpanda kichwani. Miaka yote ya kumezea, lile neno la mkate, dagaa sokoni, yote yakamjia mdomoni kwa wakati mmoja.

"Huyo hajui lolote!" akapaza sauti, na makarani nje wakaacha kuandika. "Kapenda hajui in wala on! Mwite hapa sasa hivi, muulize kalamu iko wapi! Ni vidole vyangu vilivyofaulu, vyangu mimi, nilikuwa namwonyesha nyuma ya mtahini!"

Quintas hakushtuka. Alimtazama kwa muda, kisha akaegemea nyuma, na Zeferina akamwona usoni kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

"Umesema umeiba mtihani wa kampuni."

"Nimesema yeye ndiye—"

"Yeye alijibu maswali. Mtahini amesaini, Luanda wamesaini, gazeti la kampuni limeshapiga picha. Mtihani hauna kasoro, Mwalimu. Nikisema una kasoro, wote wanaurudia, na nusu ya wazee wako watakwenda kulima. Unataka hivyo?"

Zeferina akawaona wazee wake mmoja mmoja, waliojibu kwa vichwa vyao wenyewe. Akatikisa kichwa.

"Sikudhani ungetaka," Quintas akasema. "Basi tuseme hukusema. Lakini mwalimu anayeiba mtihani siwezi kumweka hata usaidizi. Nadhani unanielewa. Nikuombee usafiri?"

Alitembea kwa miguu. Mji wetu mdogo, na makarani wale wana midomo, kwa hiyo alipofika nyumbani habari ilikuwa imekwisha kufika, imepikwa na kuungwa viungo: Mzambia amefukuzwa kwa kuuza majibu ya mtihani. Wazee wake wa darasani hawakuja kumpa pole. Waliogopa vyeti vyao, na mimi siwalaumu sana, ingawa mmoja wao ni ndugu yangu na nimemwambia ninavyomfikiria.

Madalena hakusema "nilikwambia". Alimpikia tu. Zeferina alishika tama siku nzima, kisha akasema, "Mtoto hana kosa."

"Dada."

"Mtoto hana kosa, Madalena. Jumapili wanambatiza. Mimi ni wajina wake. Baba yake afanye afanyavyo, nisipokwenda nitakuwa nimejikataa mwenyewe."

"Hawajakualika."

"Mtu hualikwa kwenye ubatizo wake?"

Kwa hiyo Jumapili alivaa tena vile viatu akaenda, na gauni jeupe amelikunja vizuri ndani ya kanga. Madalena alikataa kata kata, akabaki anatwanga muhogo. Zeferina alikaa benchi la nyuma. Alitaka kumpelekea Ilda lile gauni kabla ya misa, lakini familia ilikuwa mbele imezungukwa na watu, na mtoto alikuwa ameshavishwa. Gauni la dukani, la Luanda, lina lesi mpaka chini. Aliyembeba hakuwa Ilda. Alikuwa mwanamke mnene wa kupendeza mwenye kofia, na pembeni yake amekaa Injinia Quintas.

Padri akauliza wazazi wamempa mtoto jina gani.

Zeferina akasimama. Huku wajina husimama jina linapotajwa, kila mtu anajua, wala hakuna anayeambiwa asimame. Watu wa mabenchi ya karibu wakageuka kumtazama, na Ilda pale mbele naye akageuka, wakaonana, na Ilda akainamisha kichwa.

"Maria Fernanda," Kapenda akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

Mke wa injinia akasimama naye, mtoto mikononi, akitabasamu huku na huku, maana jina lilikuwa lake. Padri akamwagia maji. Kile kitoto kikalia. Zeferina alibaki wima hapo nyuma, amesimama kwa ajili ya jina la mtu mwingine, miguu imekataa kukunjika, mpaka mama mmoja alipomvuta kanga na kumnong'oneza akae, anawaziba watu.

Baada ya misa Kapenda alimfuata uani. Hakuwa na haya hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Alimpa mkono kwa furaha.

"Mwalimu! Umekuja, nimefurahi. Usichukie, unajua mambo ya kazi yalivyo. Injinia na mkewe wamesimamia ubatizo, ningefanyaje? Jina la nyumbani ni la nyumbani tu." Akapunguza sauti. "Sikia, kesho naanza darasa jipya. Ukipata nafasi upite, unikumbushe kidogo zile za mwanzo. Kwa sababu ya mtoto."

Zeferina alimtazama yule mtu. Alitaka kumwambia mambo mengi na alikuwa na lugha nne za kumwambia. Akauondoa mkono wake kwenye mkono wa Kapenda, akaenda zake bila kuaga.

Madalena aliacha kutwanga alipomwona anaingia na gauni bado limekunjwa ndani ya kanga.

"Wamembatiza?"

"Wamembatiza."

"Na Zeferina mdogo hajambo?"

"Hakuna mtu anayeitwa hivyo," Zeferina akasema. Akavua viatu, akauchukua mchi mikononi mwa dada yake, akaendelea kutwanga yeye.